Bakapu isiyofutika na bili isiyoshuka

Kazi yangu ni kuhudumia seva na mitandao ya ofisi ndogo ndogo hapa Dar es Salaam: wauza jumla wa Kariakoo, mawakala wa forodha wa Posta, zahanati za Tabata na Mbagala. Siku hizi karibu kila ofisi ninayoingia ina bakapu, yaani nakala za akiba za data, kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, na karibu kila mwenye ofisi ana imani nazo. "Zetu zimefungwa, hazifutiki," wanasema. Nikiuliza zimefungwa hadi lini, ufunguo wa akaunti anao nani, na siku ya dhiki itachukua saa ngapi kuzirudisha, majibu yanakwisha.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaofanya kazi kama yangu, na kwa wenye ofisi wanaolipia huduma hii kila mwezi. Muda wa kutunza bakapu ni jambo moja. Kufuli la kuzuia isifutwe ni jambo jingine kabisa. Lile la kwanza linasema ni lini nakala iondoke, hili la pili linasema ni mpaka lini haiwezi kuondoka hata ukitaka. Watu huyaweka mahali tofauti, kwa mikono tofauti, halafu hakuna anayekaa chini kuyapatanisha.

Nilianza kulielewa vizuri kwa muuza dawa wa jumla pale Kariakoo. Aliyeniita hakuwa fundi, alikuwa mhasibu, mama wa makamo ambaye amefunga hesabu za duka lile tangu enzi za madaftari. Nilipoingia alikuwa ameshapanga bili za wingu mezani, mwezi baada ya mwezi, kila moja na kiasi chake kimepigiwa mstari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa. Hebu nieleze hili. Waliotufungia mfumo walisema data inakaa siku 30, ya zamani inajifuta yenyewe. Mauzo yetu ni yale yale, wafanyakazi ni wale wale. Mbona kila mwezi bili inapanda?"

Lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mteja. Nikafungua logi za programu ya bakapu, yaani daftari ambamo programu huandika kila ilichofanya. Kila usiku saa 8 nakala mpya imepanda, ya zamani imefutwa, hakuna kosa. Nikaingia kwenye akaunti ya Amazon S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi mafaili, kuitazama baketi yenyewe, yaani ghala ambamo mafaili hukaa. Orodha ya mafaili ilikuwa fupi na safi, mwezi mmoja tu, kama walivyoahidiwa. Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kumwambia mama kwamba labda bei imepanda.

Juu ya orodha ile kuna swichi ndogo ya kuonyesha matoleo, yaani nakala za awali za kila faili. Nikaiwasha. Ukurasa mmoja ukageuka kurasa na kurasa. Kila faili ambalo programu ilidai imelifuta lilikuwa na mistari miwili: juu, alama ya kufuta, isiyo na uzito wowote, chini yake, faili lenyewe na uzito wake wote, halijaguswa. Nikabofya moja la zamani kuona tarehe ya kufuli. Lilifungwa kwa siku 365 tangu lilipopanda.

Hivyo ndivyo S3 inavyofanya kazi kufuli likiwepo, na ni vizuri kuielewa hatua kwa hatua. Kufuli la Amazon, linaloitwa Object Lock, haliwezi kuwepo bila baketi kutunza matoleo ya mafaili. Baketi inayotunza matoleo, ukiiambia ifute faili bila kutaja toleo, haifuti kitu. Inaweka alama juu yake na kukujibu kwamba imekamilika. Programu inapokea jibu zuri na kuandika kwenye logi kwamba imefuta. Haidanganyi, imefanya ilichoombwa. Ukitaja toleo lenyewe ndipo kufuli linapojitokeza, na jibu linakuwa 403, yaani umekataliwa.

Hiyo 403 imewapoteza mafundi wengi. Wanadhani ni tatizo la ruhusa, wanaanza kuuongezea ufunguo wa programu (ule ambao programu huingia nao Amazon) ruhusa moja baada ya nyingine, mpaka unafika mahali unaweza kufanya lolote kwenye akaunti. Faili bado limefungwa, na sasa umetengeneza hatari mpya ambayo haikuwepo asubuhi. Ukiona 403 kwenye kufuta, tazama tarehe ya kufuli kwanza kabla hujagusa ruhusa.

Mama mhasibu alitaka kujua kama tunaweza kuyafuta yale ya zamani leo leo. Jibu lilikuwa hapana. Kufuli la Amazon lina namna mbili. Ile inayoitwa Governance inaruhusu mtu mwenye ruhusa maalumu kulivunja kwa kutamka wazi kwamba anataka kulivunja. Ile inayoitwa Compliance haina wa kuivunja: hata mwenye akaunti mkuu hawezi kufuta wala kufupisha muda, anaweza kuurefusha tu. Njia pekee ni kuifunga akaunti nzima. Baketi ile ilikuwa Compliance.

Sitaki kumlaumu aliyeifunga. Nilikuja kuambiwa kwamba duka la jirani lilikuwa limepigwa na virusi vya kufunga mafaili na kudai malipo, na bakapu zake nazo zikafutwa na wezi hao hao. Ukiona jirani yako amelia hivyo, unachagua kufuli kali kuliko yote. Na sababu ya kufuli ipo kweli. Juni 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikihifadhi kazi za watunga programu, iliingiliwa kwenye akaunti yake ya Amazon na mtu aliyetaka pesa. Walipojaribu kumtoa, akafuta seva, diski na bakapu, kwa kuwa vyote vilikuwa chini ya akaunti moja. Kampuni ikafa. Amazon walileta Object Lock mwaka 2018, na kwa miaka mitano ya mwanzo kwa kawaida uliiwasha siku baketi inapoundwa. Tangu mwishoni mwa 2023 unaweza kuiwasha mwenyewe kwenye baketi iliyopo. Ukishaiwasha huwezi kuizima.

Kwa hiyo tulifanya kilichowezekana. Muda wa kufuli wa baketi, ule unaobandikwa kwenye kila faili jipya, unaweza kubadilishwa wakati wowote, na mabadiliko hayagusi yaliyokwisha kufungwa. Tuliupunguza. Tukaweka kanuni ya usafi kwa matoleo ya zamani, yaani agizo la Amazon kuyafuta yenyewe baada ya siku kadhaa, ambayo haikuwepo kabisa; kanuni hiyo haiwezi kufuta kilichofungwa, lakini inasubiri, na siku kufuli linapoisha inafuta yenyewe. Na yale mafaili makubwa ambayo yalikuwa yamebakiza miezi mingi tuliyahamishia daraja la bei nafuu, kwa sababu kufuli halizuii kuhamisha daraja. Hapo panahitaji hesabu. Madaraja ya kumbukumbu ya Amazon yana muda wa chini wa kulipia: siku 90 kwa Glacier, siku 180 kwa Deep Archive. Ukihamisha faili lililobakiza wiki tatu utalipa miezi. Na kilichoingia Deep Archive hukipati papo hapo, kwa ombi la kawaida kinaweza kuchukua hadi saa 12.

Jambo dogo ambalo hufanya nipigiwe simu nyingi: ukishaweka kanuni ya usafi, usitazame kesho yake asubuhi na kuhamaki. Amazon huhesabu siku ulizoweka, kisha husogeza mbele hadi usiku wa manane unaofuata kwa saa za UTC (saa za kimataifa), ambao kwetu ni saa 9 usiku. Baada ya hapo ufutaji wenyewe unaingia foleni. Kuchelewa siku moja au mbili ni kawaida, na hutozwi kwa ule muda wa foleni.

Hata baada ya hapo bili ilikuwa na kipande ambacho hakikuelezeka. Uzito wa mafaili yote, matoleo yakiwemo, haukufika uzito uliotozwa. Hapa Dar tungepaswa kulitazama hili kwanza, maana linatokana na maisha yetu ya umeme na intaneti. Faili kubwa hupandishwa kwa vipande. Umeme ukikatika katikati, au mtandao ukianguka, vipande vilivyokwisha kupanda vinabaki kule juu. Si faili bado, kwa hiyo orodha ya kawaida haivionyeshi, swichi ya matoleo haivionyeshi, na kufuli halivihusu. Lakini vina uzito, na unalipia. Kesho programu inaanza upya, inakatika tena, vipande vingine vinarundikana.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Ofisi nyingi zilijaribu kupandisha bakapu usiku baada ya usiku bila kufika mwisho. Vipande vya siku zile nimevikuta kwenye akaunti za wateja muda mrefu baadaye, vimekaa kimya, vinalipiwa. Dawa yake ni kanuni moja: kipande ambacho faili lake halikukamilika ndani ya siku 7 kiondolewe. Ni mstari mmoja kwenye mipangilio, na sijaona akaunti iliyowekwa na mtu aliyeondoka ambayo ilikuwa nao.

Upande wa pili wa tatizo ni mbaya zaidi, kwa sababu haujionyeshi kwenye bili. Kwa wakala mmoja wa forodha nilikuta kufuli la siku 14 na programu inayochukua bakapu kamili mara moja kwa mwezi, halafu kila usiku inachukua mabadiliko tu. Kwenye karatasi kila kitu kina kufuli. Lakini fikiria tarehe 20 ya mwezi. Bakapu kamili ya tarehe 1 kufuli lake limeshaisha. Zile ndogo za wiki mbili zilizopita zimefungwa barabara. Mwizi akiingia anafuta ile moja kubwa na kuziacha ndogo zote, na ndogo hizo hazimsaidii mtu. Ni kama daftari la madeni la mwenye duka lililochanwa kurasa za mwanzo: unaona mteja amepunguza elfu tano, kisha elfu tano, hujui alikuwa anadaiwa kiasi gani.

Hesabu yake si ngumu ukiifanya kwa tarehe halisi. Chukua bakapu kamili ya tarehe 1 Machi. Ya mwisho inayoitegemea ni ya tarehe 31 Machi. Kama umemwahidi bosi wako kwamba anaweza kurudi nyuma siku 30, basi tarehe 30 Aprili lazima bado uweze kuirudisha ile ya 31 Machi, na huwezi bila ile ya tarehe 1. Kufuli la bakapu kamili linatakiwa liwe siku 60, si 30. Ukichukua bakapu kamili kila wiki, unashuka hadi siku 37 hivi, ila unapandisha data nyingi zaidi, na kwa intaneti ya ofisi nyingi hapa mjini hilo nalo lina bei yake.

Programu zinazogawa data katika vipande vinavyotumiwa na nakala nyingi zina hesabu yao wenyewe. Veeam, kwa mfano, huongeza siku kadhaa juu ya muda wa kufuli uliouweka, ili isilazimike kurefusha kufuli la kila kipande kila usiku. Fundi asiyejua hilo ataona tarehe isiyolingana na aliyoandika na kudhani kuna hitilafu. Programu za namna hii hupanga kufuli zenyewe, faili kwa faili, na maelekezo yao yanakataza usiweke muda wa kufuli kwenye baketi wala kanuni za usafi juu yake. Ukiviweka, kuna mabwana wawili kwenye data moja. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha lolote, jua ni nani anayefunga: baketi au programu. Achague mmoja.

Kwa wanaotumia Google Cloud au Azure ya Microsoft, mawazo ni yale yale lakini milango ni tofauti. Google wana muda wa kutunza unaowekwa kwenye baketi; ukishaubana kwa kufuli hauwezi kupunguzwa wala kuondolewa tena, na unakubali hadi miaka 100. Azure wanakupa sera iliyo wazi kwanza, uijaribu, kisha uifunge. Ikishafungwa huwezi kuifupisha. Napenda utaratibu huo wa kujaribu kabla ya kufunga, na kwa Amazon mimi huuiga: naanza na Governance, na muda wa siku moja.

Sasa, muda wa kufuli uwe siku ngapi? Mafundi tunapenda kujibu swali hili wenyewe: 7, 14, 30, namba zinazopendeza machoni. Pale Kariakoo nilijifunza kulipeleka kwa watu wa ofisi. Niliwazungukia na swali moja: ukikosea leo kwenye mfumo, au mtu akiharibu kitu bila wewe kuona, utajua lini?

Binti wa kaunta alisema jioni ile ile, akifunga droo. Kijana wa stoo akasema, "Kaka, mimi mpaka tuhesabu mzigo. Tunahesabu kila robo mwaka." Mama mhasibu alifikiri kidogo, akasema makosa ya mwezi huu anayaona akifunga hesabu, na kufunga hesabu kunaisha katikati ya mwezi unaofuata. Maana yake kosa la tarehe 1 linaweza kuonekana baada ya siku 45. Kufuli la siku 14 lingewapa nakala nyingi sana, zote zikiwa na kosa lile lile ndani yake. Watekaji wa data nao hawana haraka. Wanaweza kukaa ndani ya mtandao muda mrefu kabla ya kupiga.

Tukaamua siku 60 za kurudi nyuma kwa bakapu za kila siku, na kufuli lihesabiwe kutoka hapo. Kwa stoo, nakala moja ya mwisho wa mwezi inatunzwa miezi sita. Akabaki mama na swali la TRA. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na kishawishi cha wengi ni kuchukua bakapu zote na kuzifunga miaka 5. Usifanye hivyo. Bakapu ya mfumo mzima si kumbukumbu ya kodi. Ili kuisoma baada ya miaka minne utahitaji programu ile ile, toleo lile lile, kwenye seva inayofanana. Tulichofanya ni kutoa vitabu vya hesabu na ankara za kila mwezi kama mafaili yanayosomeka na kompyuta yoyote, na kuyaweka kwenye baketi yao peke yao. Ni mafaili madogo, miaka 5 yake haiumizi bili.

Zahanati zina jambo la ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayetunza taarifa za watu asizikalie kupita mahitaji. Taarifa za wagonjwa zikifungwa kwa Compliance kwa miaka mingi bila sababu, siku ukitakiwa kuziondoa huwezi, na "mfumo umekataa" si utetezi. Ndiyo maana ninawashauri kufuli lisiwe refu kuliko kipindi wanachoweza kukieleza kwa maneno yao wenyewe mbele ya mkaguzi.

Kuna hitilafu mbili ndogo nitazitaja kwa sababu zimenila muda. Unaweka kufuli kwenye baketi, na bakapu iliyokuwa ikipanda vizuri jana inaanza kukataliwa. Mara nyingi ni programu ya zamani. Baketi yenye muda wa kufuli hudai kila faili lije na alama ya kuthibitisha uzima wake, kama vile MD5, na programu za zamani hazikuwa zikiituma. Dawa ni kuhuisha programu, si kuondoa kufuli. Hitilafu nyingine ni ya saa ya seva. Umeme unakatika, betri ndogo ya ubao wa seva imekufa, mashine inawaka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. S3 hukataa ombi ambalo saa yake inapishana na ya kwao kwa zaidi ya dakika 15. Bakapu zinasimama, na kama hakuna anayesoma logi, zinasimama kwa wiki. Betri yenyewe ni ile bapa ya duara inayouzwa hata kwenye vibanda vya mafundi saa.

Baada ya kupanga yote hayo, mimi hufanya kazi ambayo wateja huishangaa: najaribu kuzifuta bakapu zao. Nachukua ufunguo ule ule unaotumiwa na seva, kwa sababu ndio mwizi ataukuta kwanza, na najaribu kila kitu angejaribu. Nafuta toleo lililofungwa. Nafupisha tarehe. Nabadilisha muda wa kufuli wa baketi uwe siku moja, maana hilo halifuti ya jana lakini linaziacha za kesho wazi. Naongeza kanuni ya usafi. Navunja kufuli la Governance. Kila jaribio linatakiwa likataliwe. Pale Kariakoo mawili yalikubali siku ya kwanza, kwa sababu ufunguo wa seva ulikuwa ndio ufunguo wa msimamizi. Tukaitengenezea seva ufunguo wake, wenye ruhusa ya kuandika, kusoma na kuweka alama ya kufuta, basi.

Jaribio ambalo wengi hawalifikirii ni la ufunguo wa usimbaji, yaani ule unaofanya mafaili yasisomeke bila wenyewe. Kama mafaili yamesimbwa kwa ufunguo unaotunzwa kwenye huduma ya funguo ya Amazon, mwenye ruhusa anaweza kuagiza ufunguo huo ufutwe. Unasubiri kati ya siku 7 na 30, kisha unapotea. Kufuli litaendelea kuyalinda mafaili kwa uaminifu, na hakuna atakayeyasoma tena. Ruhusa ya kufuta funguo inastahili ulinzi ule ule wa bakapu zenyewe, pamoja na taarifa ya barua pepe kila mtu anapoigusa.

Na kuna malipo. Kufuli halimzuii mtoa huduma kusimamisha akaunti isiyolipwa. Mwaka 2023 dola zilipoadimika hapa nchini niliona kadi za kampuni zikigoma kulipa huduma za nje, na barua pepe za onyo zikienda kwenye anwani ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Sasa kila mteja wangu ana kadi mbili kwenye akaunti, na anwani ya malipo inayosomwa na mhasibu. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, ulipoteza mazingira yake muhimu kwenye Google Cloud kwa kosa la mipangilio, na miongoni mwa vilivyousaidia ni bakapu uliyokuwa nayo kwa mtoa huduma mwingine. Ofisi ya Kariakoo haiwezi kulipia mawingu mawili, lakini inaweza kununua diski mbili za nje na kuzipishana kila Ijumaa, moja ikilala ofisini, nyingine nyumbani kwa mwenye duka.

Diski hizo zina kazi nyingine. Fanya hesabu ya kurudisha gigabaiti 200 kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde: ni sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22, mtandao usipoyumba hata kidogo. Duka la dawa haliwezi kufungwa siku nzima likisubiri. Wingu lenye kufuli ni kwa siku ambayo kila kitu kingine kimekwenda. Kwa siku za kawaida, za diski kuungua au mtu kufuta jedwali, unarudisha kutoka hapo hapo ofisini.

Kurudisha kwenyewe lazima kujaribiwe. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watunga programu, alifuta kwa bahati mbaya saraka ya hifadhidata yao, na walipokwenda kutafuta bakapu za kila siku kwenye S3 walikuta hakuna kitu. Programu ilikuwa ikishindwa siku zote, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya saa 6 nyuma ambayo mtu aliichukua kwa shughuli nyingine. Kama kampuni nzima ya wahandisi inaweza kufika hapo, ofisi yenye fundi mmoja wa kuitwa kwa simu inatakiwa kuwa makini zaidi.

Pale Kariakoo jaribio tunalifanya kila robo mwaka, baada ya kijana wa stoo kumaliza kuhesabu mzigo. Natumia kompyuta tupu, isiyo kwenye mtandao wa duka. Naishusha nakala iliyofungwa, siichagui mimi, mama mhasibu ndiye anayetaja tarehe. Hifadhidata ikishawaka, simwambii kwamba imefaulu. Namkalisha mbele yake, anachukua faili la ankara za karatasi kutoka kabatini, anachomoa tatu anazozitaka, anazitafuta kwenye skrini mstari kwa mstari: jina la dawa, namba ya bechi, kiasi, bei. Mara ya kwanza ankara mbili zilikubali na ya tatu haikuwepo. Ilikuwa ya tawi la Mwenge, ambalo data yake ilikuwa kwenye kompyuta ya pale pale tawini na haikuwahi kuingizwa kwenye bakapu. Logi zisingeonyesha hilo kamwe, kwa sababu programu hailalamikii kitu ambacho haijaambiwa ikichukue. Tawi la Mwenge liliongezwa wiki ile, na tangu hapo ankara moja kati ya tatu lazima itoke kule.